KILEMBA CHA GUNIA

Katika mjadala wa chama chetu muhula uliopita, hoja ilikuwa kwamba kazi za nyumbani zinaua masomo katika shule za kutwa. Upande wa kupendekeza ulishinda, na sina kinyongo nao. Lakini msemaji mmoja, tena hodari wa lugha, alisimama akasema ya kwamba mwanafunzi anayekosa shule mwezi wa Julai kwa sababu ya viazi ni mvivu anayejificha nyuma ya jembe, na mzazi wake ni mtu asiyejua faida ya elimu. Ukumbi mzima ukacheka. Kengele ililia kabla sijapata nafasi ya kujibu, kwa hivyo, wapenzi wasomaji, niruhusuni nijibu katika kurasa hizi.

Jibu langu ni fupi ingawa maelezo yake ni marefu. Anayetutoa darasani ni kilemba. Tena si kile cha kichwani. Ni kile cha gunia.

Kwa wale ambao hawajawahi kukanyaga shamba la viazi (nao wapo, hata katika shule hii iliyozungukwa na viazi pande zote nne), nitaeleza. Gunia lina mdomo. Ukilijaza viazi hadi mdomoni ukalishona, hilo ni gunia. Lakini dalali haridhiki na mdomo. Vijana wake hupanga viazi vikubwa ukingoni kama mtu anayejenga ukuta wa mawe, wakavuta kamba huku na huku mithili ya wavu, wakaunga kipande cha gunia jingine juu, wakashindilia kwa magoti mpaka gunia linavaa kilemba kama bwana arusi wa pwani. Hiyo ndiyo lumbesa. Nayo pia huitwa gunia, wala si gunia na nusu, na hulipwa kama gunia moja.

Sisi ni watu wa Kinangop, hapa hapa Nyandarua, na chakula chetu, karo yetu na hata viatu nilivyovaa ni viazi. Mwalimu wetu wa Kilimo alitufundisha kwamba mmea huu asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, na kwamba uliletwa Kenya na Wazungu mwishoni mwa karne ya 19. Leo hii viazi ni chakula cha pili kwa umuhimu nchini baada ya mahindi. Mtu akila chipsi Nairobi ajue kwamba pengine kuna mwanafunzi mahali fulani aliyekosa hesabu ili zile chipsi ziwe chipsi.

Tunapanda mvua ndefu ikianza, mwezi wa Machi au Aprili. Aina tunayopanda ni Shangi, na karibu kila jirani hupanda hiyo hiyo, kwa sababu hukomaa upesi, huiva upesi sufuriani na huzaa vizuri. Kwa hivyo mavuno huangukia Julai na Agosti, katikati ya muhula wa pili, wakati mitihani inanukia. Viazi havijui kalenda ya Wizara ya Elimu.

Mwaka huu tulivuna kwa siku nne, kuanzia Jumanne hadi Ijumaa. Jumanne nilikuja shuleni, na hizo tatu zilizobaki sikuja. Wiki mbili kabla ya hapo Baba alikuwa amefyeka mashina yote ili ngozi ya viazi ikauke na kushikamana vizuri chini ya udongo, maana ukivuna mbichi ngozi huchunika na kiazi huoza njiani. Watu wanadhani kuvuna ni kuchimba tu. Kuchimba ndiko rahisi! Baba na mjomba walitangulia na majembe ya meno, kila mmoja na mstari wake. Mimi na dada yangu tulifuata nyuma tukiokota, mikono ikiwa imekufa ganzi kwa ule ukungu wa Julai usioondoka hadi saa nne. Mama alichambua: vikubwa huku, vya mbegu kule, vidogo vidogo kando, na vilivyochomwa na jembe kwenye karai la nyumbani. (Hivyo vilivyochomwa ndivyo vilivyotupa mukimo siku zote nne, na sitadanganya, ulikuwa mtamu.) Nyanya, ambaye miguu haimruhusu tena kuinama, alikaa juu ya gunia tupu akakagua mbegu moja moja, akizitupa zenye jicho bovu bila huruma. Mdogo wetu wa gredi ya sita alikuwa mtu wa chai na wa kufunika marundo kwa mashina makavu. Jua likipiga kiazi hugeuka kijani, na kiazi cha kijani ni kichungu na kina sumu. Mtoto yule alikemewa mara nyingi kuliko sisi sote, na hata hivyo hakuna kiazi chetu kilichogeuka kijani.

Nawaeleza haya ili mjue kwamba siichukii kazi ya shamba. Ile siku ya tatu, rundo lilipofika kimo cha Mama, sote tulifurahi. Nyanya alisema hajaona viazi kama hivyo tangu miaka mingi, na Nyanya si mtu wa kusifu ovyo. Sioni aibu ya udongo kwenye kucha. Ninachouliza ni kwa nini tulikuwa sisi, siku za shule, badala ya vibarua ambao walikuwa wamekaa pale kituoni wakitafuta kazi.

Kibarua kwetu analipwa shilingi 350 kwa siku na chakula cha mchana. Watu sita kwa siku tatu ni shilingi 6,300. Baba hakuwa nazo. Alikuwa amezimaliza kwa mbolea na dawa ya ukungu, ile inayopigwa kila mara mvua ikizidi, ukiikosa wiki mbili tu shamba lote linakuwa jeusi kama limechomwa moto. Mama alisema tukope kwa chama chake cha akina mama. Baba akauliza tutalipa na nini ikiwa bei itaanguka. Wakanyamaza. Asubuhi yake sare yangu ikabaki kwenye msumari.

Sasa sikilizeni habari ya dalali.

Alipiga simu Alhamisi jioni. Wakazungumza na Baba kwa heshima, mzee hivi, mzee vile, wakakubaliana shilingi 2,200 kwa gunia. Tulifurahi, kwa sababu jirani alikuwa ameuza kwa 2,000. Jumamosi kanta ikafika, na ndani yake vijana watano, magunia yao wenyewe, kamba zao wenyewe na shazia zao wenyewe. Dalali akashuka, akainama, akachukua kiazi kimoja akakipangusa kwa kiganja, akasema, "Mzee, hivi si viazi, haya ni mayai!" Baba akacheka kidogo. Waswahili huita sifa za namna hiyo kilemba cha ukoka. Yule bwana alimvika Baba kilemba cha ukoka, kisha akayavika magunia yetu kile kingine.

Mama alisema, "Baba yangu, hapo si ndipo mdomo ulipo? Mbona mnapita?" Kijana mmoja akajibu bila kuinua uso, "Mathe, hivi ndivyo soko inataka." Wakaendelea. Rundo lile ambalo Mama alikuwa amelihesabu kwa macho kuwa magunia 27, likatoka magunia 18. Tena kwa kila gunia lililofungwa tulikatwa shilingi 50 za wafungaji. Naam, tuliwalipa watu watuibie.

Kanta ilijaa kabla ya gunia moja kupanda. Dalali akaliacha, akasema atalichukua Jumatatu. Hapo ndipo mimi na mjomba tulipofanya kitu ambacho nadhani hakijafanywa sana kijijini kwetu. Tuliazima mizani ya jirani anayekusanya maziwa, tukalifungua gunia lile, tukalipima debe kwa debe. Tulianza na kilemba: kilo 56. Kisha tukapima kilichokuwa chini ya mdomo: kilo 108. Jumla kilo 164. Tukavirudisha vyote, tukalishona kwa shazia, na Jumatatu dalali akalichukua bila kujua kwamba sasa tunajua.

Wapenzi wa hesabu, tembeeni nami kidogo. Kilemba kimoja ni kilo 56. Vilemba 18 ni kilo 1,008. Hiyo ni zaidi ya tani moja ya viazi tulivyovilimia, tukavipigia dawa, tukaviokota kwa ganzi, vikaondoka bila jina. Tulilipwa shilingi 39,600. Zigawanye kwa kilo zote 2,952, na kilo moja inatoka shilingi 13 na senti arubaini hivi. Lakini kwa simu tulikubaliana shilingi 2,200 kwa gunia, na gunia lenye mdomo ni kilo 108, yaani shilingi 20 na kitu kwa kilo. Kwa hivyo simu ilinunua kwa 20 na kanta ikalipa 13. Hata tukihesabu vilemba kwa hiyo bei duni ya 13, ni shilingi 13,500. Vibarua wote sita kwa siku zote tatu tungewalipa mara mbili, na pesa nyingine zikabaki.

Kwa hiyo nikiulizwa nilikuwa wapi siku walipoanza moli katika Kemia, nitasema nilikuwa nikiokota kilo 1,008 za dalali. Ile moli inanisumbua hadi wa leo.

Najua kuna watakaonipinga. Rafiki yangu anayechukua somo la Biashara aliniambia hivi: dalali si mjinga, gunia likipungua naye atapunguza bei, na mwisho wa yote mkulima atapata zile zile. Hoja hii ina nguvu na siwezi kuipuuza. Pengine kweli angesema kwa simu, "Nitalipa shilingi 13 kwa kilo." Sawa! Na aseme. Baba angelijua tangu Alhamisi kwamba bei ni 13, angempigia mwingine, pengine angepata 15. Shida ya lumbesa ni kwamba bei inasimama mahali pamoja na gunia ndilo linalokua, tena linakua wakati viazi vimekwisha kung'olewa na kanta iko langoni. Kujadiliana bei na mtu ambaye kipimo kiko mkononi mwake ni kucheza kadi na mtu anayeziona zako.

Wengine huuliza, kwa nini hamkatai? Mtu anayeuliza hivyo hajawahi kulala karibu na rundo la Shangi. Shangi haina subira. Baada ya wiki chache tu tangu kuvunwa inaanza kuchipua, na ikichipua inanywea, na hakuna mnunuzi anayeitaka isipokuwa wa mbegu. Ukiiacha ardhini nondo huiingilia, au mvua inairudia ikaoza. Ghala la baridi sisi hatuna. Mwaka juzi Baba na majirani wanne waliapa kwamba hakuna gunia lenye kilemba litakalotoka mashambani mwao. Wa tano, ambaye mtoto wake alikuwa amelazwa hospitalini, aliuza. Kanta ikageuka ikaenda kwake, na hao wanne wakabaki na marundo yao siku tisa. Siku ya kumi waliuza kwa lumbesa kubwa kuliko ya kwanza. Simlaumu yule wa tano, na Baba pia hamlaumu. Mnyonge hana haki, walisema wahenga, na mnyonge mwenye viazi vinavyochipua ndiye kabisa hana.

Pengine mtasema, mbona serikali haikatazi? Imekataza! Hilo ndilo lililonishangaza zaidi. Mwaka 2005 ilitangazwa kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 110. Kisha ikaja Sheria ya Mimea ya mwaka 2013, na chini yake kanuni za viazi za mwaka 2019, ambazo zinasema gunia lisizidi kilo 50. Kilo hamsini! Gunia letu lilikuwa zaidi ya mara tatu ya hilo. Na ule uzito una mtu anayeubeba. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebe mzigo unaozidi kilo 55. Nendeni pale Marikiti Nairobi mkawaone wabebaji wamekunjika chini ya lumbesa, kisha mniambie kama mgongo wa binadamu umeongezwa tangu mwaka huo.

Hata kaunti yenyewe inapunjwa. Ushuru wa mazao hutozwa kwa kuhesabu magunia. Kwa kilo 50, shamba letu lilitoa magunia 59. Yaliyohesabiwa barabarani ni 18. Barabara hiyo hiyo inayosubiri ushuru ili itiwe kokoto ndiyo kanta inayopitia na magunia yaliyovaa vilemba, na anayeyahesabu anahesabu vichwa tu. Mimi si mwanasiasa, lakini sielewi.

Na msidhani viazi haviwezi kuuzwa kwa kilo, ati kwa kuwa ni vitu vya udongo. Viwanda vinavyotengeneza krispi hununua kwa kilo. Maziwa ya ng'ombe wetu huuzwa kwa kilo au lita kila asubuhi, na anayeyakusanya hajawahi kumwambia Mama kwamba lita ya leo ni kubwa kidogo kwa sababu hivyo ndivyo soko linataka. Nyama, sukari, misumari, vyote hupimwa. Lakini viazi hununuliwa kwa umbo.

Sasa naomba radhi mapema kwa walimu wangu, maana ninakokwenda ni jikoni.

Muhula wa pili, siku ya Jumatano, nikipeleka sahani zetu nyuma ya jiko, niliona pikapu ikishusha viazi vya shule. Nilihesabu magunia sita. Yote yalikuwa na vilemba. Nilisimama pale mpaka mpishi akaniuliza kama nimepotea. Ile githeri tunayokula hapa, ambayo naisifu kwa dhati, imepikwa kwa lumbesa.

Najua mhasibu atasema nini, na atakuwa na sababu yake. Atasema shule ina wanafunzi wengi na pesa kidogo, na gunia kubwa kwa bei ile ile ni faida kwa watoto. Ni kweli kabisa ukitazama sufuria. Lakini tutazame pia zile kilo za ziada zimetoka wapi. Zimetoka kwa wazazi wa shule hii. Shule ya kutwa haina wazazi wa mbali. Wazazi wetu ni hao hao wanaoonekana mashambani ukichungulia kwa dirisha la maabara. Kilemba kikishushwa jikoni, mzazi mmoja amepungukiwa. Mzazi huyo akipungukiwa, pesa za chakula cha mchana hazilipwi. Zisipolipwa, mtoto anatajwa paredi asubuhi na kurudishwa nyumbani. Basi yule mtoto anakosa shule mara mbili: mara ya kwanza akivuna viazi, na mara ya pili akidaiwa pesa za kupikiwa viazi vile vile.

Katika darasa letu la kidato cha tatu, Julai iliyopita, niliuliza mmoja mmoja. Tulikuwa tumekosa shule kwa sababu ya mavuno wanafunzi kumi na mmoja kati ya arubaini na wawili. Saba kati ya hao kumi na mmoja walirudishwa nyumbani tena Septemba kwa ajili ya pesa za chakula. Sitaji majina, kila mmoja anajijua.

Wenzangu wengine wamependekeza kwamba shule ifungwe wiki moja ya mavuno. Mimi siungi mkono. Kwanza, mashamba hayavunwi wiki moja. Aliyepanda Machi na aliyepanda Aprili ni watu tofauti. Pili, mtihani wa KCSE hautatusubiri. Wale wa shule za bweni watakuwa wanaendelea na masomo huku sisi tunaokota, kisha tukutane nao kwenye karatasi moja mwezi wa Novemba. Likizo ya mavuno ingempa dalali vibarua wa bure kwa idhini ya mwalimu mkuu.

Ninachoomba ni kidogo zaidi na kiko karibu zaidi. Shule yetu tayari hupokea mahindi na maharagwe kwa wazazi wasio na pesa taslimu, na hupimwa kwenye ile mizani ya stoo, kilo kwa kilo, na mzazi huandikiwa risiti. Nimeona kwa macho yangu, kwa sababu maharagwe yetu ya mwaka jana yalipita hapo. Kwa nini viazi visipite hapo? Mzazi alete kilo 100 katika magunia mawili ya kilo 50, kama sheria inavyosema. Kwa shilingi 20 kwa kilo, hizo ni shilingi 2,000 zimeingia katika pesa za chakula, bila simu, bila kanta, bila mtu kuambiwa viazi vyake ni mayai. Shule itanunua kwa bei isiyomwumiza, kwa kuwa hakuna usafiri wala dalali wa katikati anayekula. Mzazi naye atapata zaidi ya 13.

Lakini ifanywe kwa akili ya mkulima. Shule ikiwaambia wazazi wote walete viazi Julai, stoo itajaa Shangi na baada ya mwezi mmoja tutakuwa tukila miche. Ipangwe zamu. Wazazi watatu wiki hii, watatu wiki ijayo, kwa kufuata nani alipanda lini. Viwekwe mahali penye giza na hewa, si pale dirishani panapopigwa na jua la asubuhi kama sasa. Na vilivyo vya kijani virudishwe, hata kama vimeletwa na mzazi wa kiranja mkuu. Sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili, kwa kuwa kuandika ndiyo kazi yetu, tunaweza kuandika orodha ya zamu na barua ya kuwaeleza wazazi, kwa Kiswahili chepesi ambacho hata Nyanya atasomewa akakielewa.

Watakaonunua nje ya shule sina uwezo nao, na sijifanyi kwamba jiko moja litamaliza lumbesa Kinangop. Magunia sita kwa mara moja si soko. Ila siku wazazi ishirini watakapokuwa wamepimiwa viazi vyao mara moja kwa mizani, wakaona kwa macho yao kilo 108 ziko wapi na kilo 164 ziko wapi, dalali atakuwa na kazi ngumu kidogo ya kuwaambia kwamba ndivyo soko linataka. Baba mwenyewe tangu ile Jumapili ameandika zile namba kwa makaa kwenye ukuta wa ghala: 56, 108, 164. Kila mgeni akija huonyeshwa, hata padre.

Mavuno ya mvua fupi yataanza Januari, na muhula wa kwanza nao unafunguliwa Januari. Mizani iko stoo, nyuma ya mitungi ya mafuta ya kupikia. Nimeambiwa funguo anazo mwalimu wa bohari, naye ni msomaji wa jarida hili.